Kaimu Mguu wa Mkurugenzi

Wananchi wote wa Kahama, Geita na vitongoji vyake walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba, kuanzia mwaka mpya wa fedha, hakuna mfupa utakaoruhusiwa kubaki umevunjika bila kibali. Tangazo lilitolewa na Mamlaka ya Uratibu wa Mifupa Sugu. Aliyelisoma ni Bwana Edson, Afisa Itifaki Mwandamizi, akiwa juu ya gari lililokuwa likitangaza pia sabuni ya unga.

Edson hakuona kichekesho chochote hapo. Kwake yeye nchi haikusimama kwa jeshi wala kwa dhahabu. Ilisimama kwa sababu walikuwepo watu wachache wanaojua nani akae kiti gani.

Mamlaka ilizaliwa baada ya Daktari Rebeka kuja na utafiti wake katika hospitali moja mjini Kahama. Machimboni watu huvunjika miguu kila leo. Mingi huunga, lakini mingine hugoma: mwaka unapita, wa pili unaingia, mfupa haujashikana. Daktari alitaka kuchota uboho kwenye nyonga ya mgonjwa, kuzikuza seli zake maabarani, kisha kuzipandikiza pale mfupa ulipogoma. Nusu ya wagonjwa wangepata seli hizo, nusu wangepata upasuaji uliozoeleka, halafu ingeangaliwa ipi inafaa zaidi. Kura ya nani apate nini ingepigwa na kompyuta.

"Hiyo kompyuta inajua itifaki?" Edson aliuliza.

"Haijui hata jina lako, kaka."

Edson aliliripoti jambo hilo ngazi za juu kama changamoto.

Ilikuwa imebaki nafasi moja kwenye utafiti, na ilikuwa ya Ngassa. Huyu alikuwa mchimbaji wa Rwamgasa, mzaliwa wa Didia, ambaye jiwe lilimwangukia kwenye muundi miaka miwili nyuma. Alifungwa hogo la plasta, likatolewa. Akawekewa chuma, kikalegea. Waganga wa kienyeji nao walijaribu, wakaondoka na mbuzi. Hospitali aliyotoka walikuwa wameanza kutaja neno "kukata", na tangu siku hiyo mkewe, Paskalia, hakupata usingizi wa maana. Mume mwenye gongo alishamzoea. Mume asiye na mguu alimwogopa, na hakuona aibu kusema.

Kwa bahati mbaya Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Gregory, naye alikuwa na muundi uliogoma. Alivunjika Rwamgasa alipokuwa akizindua ngazi ya usalama kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Itifaki ilidai awe mtu wa kwanza kuikanyaga, na fundi alikuwa bado hajaipigilia misumari. Ratiba hiyo aliipanga Edson.

Basi Edson alikwenda kwenye baraza ya hospitali kuwapa wahusika habari.

"Shikamoo, baba," alisema Paskalia.

"Marahaba, mama. Nimekuja na habari njema. Nafasi ya mumeo imepandishwa cheo."

"Imepanda kwenda wapi?"

"Kwa Mkurugenzi."

Ngassa alitazama mguu wake kana kwamba ndio uliokosea. Paskalia hakutazama mguu, alimtazama Edson. "Baba, huyo bosi wako wanataka kumkata?"

"Hapana."

"Huyu wangu wanataka, gete, kweli kabisa."

Edson alifunga faili lake. Akawatakia mchana mwema na kurudi ofisini, huku moyo ukimsumbua kuliko kanuni zinavyoruhusu.

Mkurugenzi alipokea nafasi hiyo kwa unyenyekevu, hadi alipoelezwa utaratibu.

"Sindano gani tena?"

"Ya kuchotea uboho, mkuu. Inaingia nyongani."

"Ndefu?"

Edson alitenganisha mikono yake kidogo, kisha kwa uaminifu akaitenganisha zaidi. Hapo hapo Mkurugenzi akakumbuka kwamba ana semina Dodoma.

"Nani ataniwakilisha?" akauliza.

Swali hilo halikumshangaza Edson hata kidogo. Ofisini kwao kila kitu kiliwakilishwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumwakilisha Mkurugenzi kwenye msiba wa mama mkwe wake, akalia vizuri hadi wafiwa wakambembeleza. Alifikiri kidogo. Mwakilishi lazima awe na sifa zinazolingana: mguu uleule, mfupa uleule, mgomo uleule.

"Yupo mmoja, mkuu. Anaitwa Ngassa."

"Mteue."

Daktari Rebeka alipoletewa uteuzi huo alitazama dirishani kwa muda, mabega yakimtikisika. Alipogeuka uso wake ulikuwa mkavu.

"Aje na mguu wake," alisema. "Na nyonga yake. Na akikubali, atakubali kwa jina lake mwenyewe."

"Ila ataponea kwa niaba ya Mkurugenzi."

"Hilo andikeni ninyi huko kwenu."

Akakaa na Ngassa, akamweleza bila kumpamba: kura inaweza kumnyima seli, seli zenyewe zinaweza zisifanye kitu, na anaruhusiwa kujitoa wakati wowote. Ngassa alisikiliza, akamtazama mkewe, akakubali. Kompyuta ikapiga kura bila kujua kwamba mbele yake kalala mtu mzito. Seli zikamwangukia.

Ikawa kila mara Edson anakwenda hospitali kukagua maendeleo ya mguu wa Mkurugenzi. Picha za kwanza zilionyesha ufa mweusi. Baadaye ukaja ukungu, kisha ukungu ukaganda ukawa mweupe. Siku Ngassa alipokanyaga sakafu kwa unyayo mzima, Paskalia alilia kwa sauti. Edson naye machozi yakamtoka. Alifurahi kweli, furaha ya mtu aliyeona jema likitendeka, lakini akamweleza muuguzi kwamba anaiwakilisha Mamlaka.

Ripoti yake ilisema ukweli mtupu: Mkurugenzi amepona, kupitia kwa mwakilishi. Mkurugenzi alipoipeleka makao makuu aliona sehemu ya mwisho inarefusha sentensi, akaifuta. Makao makuu wakafurahi mno, wakaleta mgeni rasmi.

Sherehe ikafana. Ngoma ya Kisukuma ilichezwa, wali wa Kahama ukapikwa, Mkurugenzi akaketi mbele na magongo yake ameyaegesha nyuma ya kiti.

"Mwenzetu amepona," mgeni rasmi alitangaza. "Atembee tumwone!"

Mkurugenzi akamtazama Edson. Edson akampa ishara Ngassa. Ngassa akainuka katikati ya wachimbaji wenzake, akatembea kutoka hemani hadi jukwaani bila kushika kitu. Vigelegele vikapasua anga.

"Huyu nani?" mgeni rasmi aliuliza.

"Ni mguu wa Mkurugenzi, mheshimiwa," alijibu Edson.

"Mkurugenzi, wewe umepona au hukupona?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, na cheo kilikuwa nyuma ya jibu. "Nimepona kikamilifu," alisema Mkurugenzi.

"Sasa magongo ya nini? Wapewe wenye shida!"

Yakachukuliwa, akapewa bibi mmoja aliyekuwa akijiburuza kwa fimbo. Mgeni rasmi akala, akapigiwa makofi, akaondoka.

Mkurugenzi akamwita Daktari Rebeka kwa kunong'ona. "Mama, kwenye kundi lijalo niweke. Sindano nitaivumilia."

"Karibu sana, baba. Tunapokea mifupa ambayo haijapona. Watangazie tu watu kwamba wako haujapona."

Mkurugenzi alikitazama kipaza sauti. Watu walikuwa wametulia, wanasubiri. Akakisukuma pembeni.

"Ngassa!" akaita badala yake. "Njoo unibebe hadi kwenye gari."

Ngassa alikuwa ameshamshika Paskalia mkono, wanaelekea stendi kupanda basi la kwao Didia. Akageuka kwa adabu zote.

"Wabeja sana, mkuu, kwa kuniteua. Ila uwakilishi umekwisha. Sasa natembea kwa niaba yangu."

Wakaenda zao. Edson akakumbuka kwamba, kwa itifaki, hakuna afisa anayeruhusiwa kuinuka kabla ya Mkurugenzi. Akawakalisha maafisa wote. Mahema yakang'olewa, sufuria zikaoshwa, na Mkurugenzi akabaki kitini, mzima kabisa, akisubiri mtu wa kumbeba.