Chaguo la Pili la Kila Mtu

Jumapili, 12 Oktoba

Sauti ya bakuli. Bakuli tupu la bati linasukumwa kwa pua juu ya saruji, linagonga ukuta, linarudi. Mbwa mzee, banda namba tisa. Nimetoka kwenye makao ya mbwa saa nane mchana na bado nalisikia.

Sijawahi kushtuka hivi. Diwani Verlyn Boettcher ametangaza baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba akichaguliwa tena makao ya mbwa ya mji yatafungwa tarehe 31 Desemba. Jengo litakuwa ghala la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Mbwa kumi na wanne watapelekwa makao ya wilaya, na kule mbwa asiyechukuliwa ndani ya siku tano hudungwa sindano ya kifo. Alisema hayo kwa upole kabisa. Kisha akauliza nani aongezewe kahawa.

Madiwani wengine wamegawanyika, wawili kwa wawili. Kiti chake ndicho kitakachoamua. Mgombea wetu sisi wajitolea wa makao ni Ardith Lindquist, daktari wa mifugo mstaafu, ambaye hajawahi kumkatalia mtu wala paka. Wa tatu ni Doug Pelto, muuza chambo cha kuvulia samaki kwenye barafu. Hana sera.

Nimejiteua mpanga mikakati wa Ardith. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeunga mkono pia, ila hapa Minnesota, ambako watu hawapazi sauti, hiyo ni shangwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mkutano, ukumbi wa chini ya kanisa. Watu kumi na mmoja, sinia moja la keki.

Nikawakumbusha jinsi mji wetu unavyopiga kura. Unawapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, anayeshika mkia anaondolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa aliyeandikwa wa pili. Wote wakaitikia kwa kichwa. Kumbe walikuwa wanaangalia sinia. Kilibaki kipande kimoja cha keki na hakuna aliyethubutu kukichukua. Mmoja akakikata nusu. Mwingine akaikata nusu ile. Mwishowe kikabaki kipande cha ukubwa wa ukucha, na Marlys Engebretson akakifunga kwenye karatasi ya foili, akakirudisha kwenye friji.

Hapo ndipo nikapata ufunuo. Watu hawa hawawezi kumwomba jirani amwache Verlyn, anayewaondolea wajane theluji mlangoni. Kuomba nafasi ya kwanza ni utovu wa adabu. Lakini ya pili? Nani atakunyima ya pili? Verlyn akianguka, kura zake zinatuangukia sisi. Doug akianguka, vivyo hivyo. Tunakaa katikati na kukinga beseni.

Marlys ana miaka sabini na moja, ni mkuu wa wajitolea na wa sinia. Akauliza, "Na tukitangulia kuanguka sisi, Signe?"

Nikamweleza kwamba nina shahada ya uzamili. Akasema, "Hilo ni jambo zuri, mwanangu," kama unavyomwambia mtoto aliyechora farasi mwenye miguu mitano.

Ananionea wivu. Namsamehe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Milango mia nne na kumi na miwili. Hakuna hata mmoja aliyekataa! Nimeshtuka. Nilijiandaa kwa uadui, nikalishwa viazi na nyama ya kusaga katika nyumba sita. Wenye bango la Verlyn uani walishusha pumzi niliposema sitaki chaguo lao la kwanza. Mzee mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kuombwa kura kwa heshima kiasi hicho.

Dada yake Verlyn aliuliza, kwa usawa tu, kama watu wetu nao wangemwandika kaka yake wa pili. Nikaahidi. Haki ni haki. Nimeichapisha ahadi hiyo kwenye kadi zetu.

Mabango mia sita yamefika: ARDITH, CHAGUO LAKO LA PILI. Marlys alitaka nusu yaseme la kwanza. Nikamkatalia. Ujumbe lazima uwe mmoja.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya kura. Nilisimama nje ya kituo, umbali unaoruhusiwa na sheria, kwenye baridi ya kukata masikio. Kila aliyetoka alininong'oneza: "Nimemwandika wa pili." Wazee. Wajane. Mpwa wa Verlyn. Nililia ndani ya skafu yangu. Nilifikiri, hivi ndivyo wema unavyoshinda, bila kumsukuma mtu.

Jumatano, 5 Novemba

Siwezi kuandika.

Naandika. Verlyn, kura za kwanza 1,118. Doug, 1,102. Ardith, 37.

Thelathini na saba! Waliomwandika wa pili ni zaidi ya elfu mbili, na kura zao hizo za pili hazikuhesabiwa kamwe, kwa sababu tulioshika mkia ni sisi. Tukaondolewa. Zile kura thelathini na saba zikahama. Saba kwa Doug. Thelathini kwa Verlyn, kama kadi zetu zilivyoelekeza. Akavuka nusu.

Nikakimbilia kwa Ardith. Alikuwa anapaka siagi mkate. Akakiri kwamba hata yeye alijiandika wa pili. Bango lilisema hivyo, na aliona aibu kujitanguliza. Wa kwanza alimpa Doug.

Saa nne Verlyn alipiga simu. "Ahsante, binti. Bila nyinyi ningeanguka." Hakuwa anadhihaki. Angedhihaki ningepona.

Jioni nikamkuta Doug dukani kwake. Mbwa wanne wamelala chini ya meza. Wote amewatoa kwenye makao yale.

"Nisingeyafunga kamwe," akasema. "Mbona hukuuliza?"

Nilinunua minyoo ambayo siihitaji.

Jumapili, 9 Novemba

Siku nzima ya kujitazama kwa ukali. Nimehitimisha kwamba wazo lilikuwa sahihi. Uwanja ndio haukuwa wake.

Makao yatafungwa, lakini hadi 31 Desemba mtu yeyote anaweza kumchukua mbwa. Marlys amekwishachukua wawili, kimyakimya, bila mkakati wowote. Wamebaki kumi na wawili. Watu wa hapa wanawapenda mbwa. Kinachowatisha ni kuonekana wamejitwalia. Kwa hiyo nimeandaa orodha kwa kila mbwa, na kila nyumba nimeiomba jambo dogo tu: wakubali kuwa wa pili, endapo wa kwanza atashindwa.

Marlys aliniuliza wa kwanza ni nani. Nilimwambia hilo litajipanga lenyewe.

Barua zilitoka Alhamisi. Hadi leo mchana wamepiga simu watu mia mbili na sita, na wote wamekubali! Wengine wameshukuru. Nami, kwa usawa, nimejiandikisha wa pili kwa wote kumi na wawili.