Susu Lazima Lifike Namangan

Jumanne, 14 Mei

Mjukuu wangu leo ana siku thelathini na tano. Wa kwanza! Jumapili anatimiza arobaini, na sisi upande wa mama ndio tunaompelekea susu, kitanda chake cha kubembea: la mbao, la kuchonga, jekundu na manjano. Babu ndiye anayelibeba begani mpaka ndani kwa wakwe, kule Namangan. Nimeshafanya mazoezi mara tatu kwa meza ndogo ya chai.

Leo vani imeanza kulia. Mlio mwembamba, upande wa mkanda wa taiming. Huo ndio mkanda unaozungusha sehemu ya juu ya injini na ya chini kwa pamoja. Ukikatika njiani, pistoni zinagonga vali na umebaki na chuma chakavu. Ulipaswa kubadilishwa kwenye kilomita elfu sitini. Sasa ni elfu tisini na mbili. Sikuona haraka.

Mke wangu, Mama Oydin, akasema nimpelekee Sobit. Sobit ni mwanyumba wangu, ameoa mdogo wa mke wangu. Ana gereji, na angeimaliza kazi bure kwa asubuhi moja. Hapo ndipo pabaya. Bure ya Sobit haiishi. Mwaka juzi alinitengenezea breki, na mpaka leo kila tukialikwa pilau huniuliza mbele ya watu kama bado zinashika.

Nikamwambia mke wangu nitaubadilisha mwenyewe, hapa hapa uani. Nimefundisha jiometri hapa Margilan miaka thelathini na moja. Mkanda ni kitu gani? Duara mbili na mistari miwili inayozigusa. Akanimiminia chai.

Jumatano, 15 Mei

Mkanda mpya upo. Video nimeitazama mara sita kwenye simu. Fundi wa kwenye video anamaliza kwa dakika kumi na mbili, pamoja na muziki.

Injini ya vani hizi iko chini ya viti vya mbele. Basi viti vimetoka, viko chini ya mti wa mforsadi. Mama Oydin amekalia kimoja, anashona godoro la susu. Anasema katika ndoa yetu hajawahi kukalia kitu laini hivi. Sijui kama ni sifa.

Boliti moja imegoma. Nimeibembeleza. Nimeitukana, kwa sauti ya chini, maana jirani yetu ni mcha Mungu. Imeachia saa kumi alasiri, ngozi ya kidole changu ikaondoka nayo.

Binti yetu Oydin alipiga simu ya video. Nikamwonyesha mtoto injini. Akacheka! Oydin anasema ni gesi tumboni. Mimi nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na moja, kicheko nakijua.

Alhamisi, 16 Mei

Sobit kaja. Nani kamwambia? Amekaa kwenye kiti cha vani kama yuko kwake, anakula forsadi zangu.

Akauliza kama nimeweka alama. Maana kabla ya kutoa mkanda wa zamani lazima utie alama kwenye puli, magurudumu ya meno yanayoubeba, ya juu na ya chini, ili ujue zilivyokaa. Alama za kiwandani zimeliwa na kutu. Nikamwonyesha zangu: mistari miwili ya chaki, imenyooka. Akasema, we mwalimu, tia rangi, chaki ni ya ubaoni. Nikamjibu chaki hii imefundisha nusu ya Margilan, yeye mwenyewe akiwemo, na mtihani wa mwisho alipata mbili kati ya tano. Alicheka mpaka forsadi zikamtoka.

Kisha akasema kwa upole kwamba Jumapili vani yake ipo. Nikamshukuru na kukataa kwa adabu ndefu sana. Alipotoka, Mama Oydin alinifinya mkono.

Jioni nilitoa mkanda wa zamani. Umepasukapasuka kama kisigino. Nimekuwa nikimpakia mke wangu juu ya kitu hiki!

Ijumaa, 17 Mei

Balaa.

Kwetu hapa, mke ambaye hajanyunyiza maji na kufagia ua kabla ya jua kuchomoza atasemwa mtaa mzima. Mama Oydin hajasemwa hata siku moja tangu nimuoe. Leo alinyunyiza, akafagia, akafuta viti. Na kwa kuwa kesho kina mama wanakuja kulitazama susu, akafuta na injini. Kwa mafuta ya taa! Puli zote mbili zinang'aa. Chaki haipo hata chembe, na puli hazipo tena nilipoziacha, maana alizizungusha ili afikie nyuma.

Alisimama na kitambaa chake mkononi, amefurahi. Akasema jana aliona vidole vyangu kwenye beseni, akanionea huruma, akataka leo nifanye kazi mahali pasafi.

Nikasema asante. Nikasema pamependeza. Ningesema nini?

Hesabu, basi. Nimehesabu meno ya puli, nimechora pembe, kurasa tatu. Jibu limetoka safi kabisa. Mkanda mpya umekaa. Fundi wa video anasema uzungushe injini kwa mkono mara mbili kabla ya kuiwasha. Huo ni ushauri kwa watu wenye wasiwasi. Nitaiwasha kesho, wageni wakiwepo.

Jumamosi, 18 Mei

Kina mama tisa uani. Susu katikati, wanalishika, wanalisifu. Sobit naye yupo, kamleta mkewe. Nikasafisha koo. Nikazungusha ufunguo.

Tak! Tak-tak-tak! Kimya.

Sobit alipiga magoti, akachungulia, akazungusha kwa spana. Akaniambia polepole, kama daktari, kwamba mkanda umepishana na mahali pake kwa meno matatu, na vali zimepinda. Akauliza: alama ziko wapi?

Mama Oydin alikuwa nyuma yake na sinia la mikate. Akauliza kwa sauti ndogo, alama gani?

Nikasema hazipo, sikuweka. Nikasema kwa nguvu, wote tisa wasikie, kwamba nilisahau, mwalimu mzima na akili zangu.

Sobit aliziona alama zile kwa macho yake. Akazitazama puli zinavyong'aa. Akamtazama shemeji yake. Akanitazama mimi. Nikajikaza kungoja mzaha ambao ningeusikia mpaka kaburini.

Akasema hata yeye aliwahi kusahau, tena gari la mteja. Akasema atakuja saa kumi na mbili asubuhi na vani yake, chai iwe tayari.

Nilikwenda nyuma ya tanuri la mikate nikakaa peke yangu. Mama Oydin alinifuata, akauliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi. Tanuri halikuwa limewashwa.

Jumapili, 19 Mei

Limefika!

Tulilifunga juu ya vani ya Sobit kwa mashuka mawili. Nilishika kona yake kupitia dirishani njia nzima, ingawa Sobit aliapa kwamba halitoki. Mlangoni nikaliweka bega la kulia nikaingia nalo mwenyewe. Wenyeji walitupaka unga usoni, njia ya mtoto iwe nyeupe. Kwangu uligandana na grisi isiyotoka. Oydin alinifuta kwa ukaya wake wa kichwani, akaninong'oneza kwamba alimwambia mama mkwe wake: baba yangu atakuja hata kama itabidi asukume gari.

Mtoto akalazwa kwenye susu. Akapiga miayo. Akalala. Ana masikio yangu, maskini.

Halafu ikaja zamu ya pilau, nikaanza kuhuzunika. Baba wa binti kwetu haendi kwa wakwe anavyotaka. Anangoja aalikwe, anakula, anaondoka. Tukialikwa tena ni wakati wa vuli. Mtoto atakuwa ameota meno!

Mkwe mwenzangu Tolib, baba wa mume wa Oydin, akawa analalamika kuhusu gari lake: mkanda wa taiming haujabadilishwa tangu alinunue. Nikaweka chini kijiko. Nikamwambia kazi hiyo mimi nina uzoefu nayo, wa juzi juzi tu, na nitakuja kumfanyia hapa hapa kwake, siku mbili. Tolib alinikumbatia. Sobit alipaliwa na chai.

Njiani kurudi, tulipovuka daraja la mto Sirdaryo, Mama Oydin akanigeukia. Nikajiandaa.

Akasema siku mbili hazitoshi. Akasema kazi kama ile ukiiharakisha inaharibika, nichukue siku nne, naye atakuja kunipikia, na kumshika mtoto Oydin apumzike.

Nikasema tuweke tano.