Kuhusu Anwani Yangu Iliyobaki Kasongo na Msiba Uliotokana Nayo

Salamabila, Jumamosi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Umoja wa Stesheni za Ujumbe, Kasongo

Bwana Mkurugenzi,

Mimi Marcellin Muzaliwa, mwenye mashini ya ujumbe nambari kumi na moja, ninakuandikia kwa heshima zote kukujulisha kwamba niko hai. Ninalazimika kusema hivyo kwa sababu ya kanuni yenu ya siku saba.

Jumatatu nilihamisha mashini yangu kutoka Kasongo hadi Salamabila, nikiwa nimeiviringisha ndani ya godoro nyuma ya pikipiki. Jumanne asubuhi niliiwasha, nikatangaza anwani mpya, na ofisi yenu ikajibu saa ileile kwamba imeandikwa. Nilifurahi. Sikujua kwamba kuandikwa ni jambo moja na kusambazwa ni jingine, na kwamba kila stesheni inaruhusiwa kukaa na anwani ya zamani siku saba kabla ya kuuliza tena nani yuko wapi. Yaliyonipata ni haya:

1. Jumatano, Pélagie wa Nyangwe, ambaye nilikuwa nimemwomba tuoane, alinijibu. Stesheni ya Nyangwe ilipeleka jibu lake Kasongo, ikakuta chumba kitupu, ikamrudishia maneno haya: "Mwenye anwani hii hayupo tena."

2. Baba yake mdogo, Zacharie, ambaye ndiye msomaji wa familia, aliyasoma kwa sauti yake ya kanisani. Basi nikaliliwa siku mbili kule Nyangwe. Nimeambiwa kwaya iliimba vizuri sana, na nilisifiwa kwa upole ambao mimi mwenyewe sikumbuki kuwa nao.

3. Huku Salamabila nilikaa nikiitazama mashini. Kimya cha Pélagie nilikichukua kuwa amenikataa. Bugali sikuugusa.

4. Ijumaa alifika Mama Sidonie, muuza samaki wakavu, akitoka Nyangwe kwa pikipiki, matope hadi magotini. Aliponiona alisimama. Akanigusa mkono, akaubonyeza, kisha akasema polepole: "Marcellin, kumbe uko muzima. Basi Pélagie alikubali. Tumelia bure." Nilikaa chini, juu ya kikapu chake cha samaki, nikacheka mpaka wachimbaji wa mgodi wa hapa wakaja kuuliza kama nimeokota dhahabu.

Bwana Mkurugenzi, samaki wakavu wameitangulia orodha yenu ya anwani. Ninaomba basi badiliko la anwani lifike kila stesheni siku ileile. Nikifikiri vizuri, siku nzima ni ndefu: lifike kabla godoro halijafunguliwa. Na kwa kuwa mapenzi hayana subira, ingefaa stesheni zijulishwe mtu anapoanza tu kufikiria kuhama, na ikiwezekana kabla yeye mwenyewe hajafikiria. Kama Umoja hauna uwezo huo, mwajirini Mama Sidonie. Tangu jana amekwisha kusambaza ufufuko wangu hadi Kabambare, na hakuna stesheni iliyomwuliza.

Nisalimie fundi Bruno, Mama Rachelle wa ofisini, mlinzi wa mlingoti, na wote waliopika kwenye msiba wangu. Nasikia chakula kilitosha. Nasikitika tu kwamba sikuwepo.

Ni mimi, mwanachama wenu mtiifu na mzima,

Marcellin Muzaliwa

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, Mama Sidonie amerudi mbio. Kwa mshangao wa jana alisahau nusu ya pili ya jibu: Pélagie amekubali, mradi tukae Kasongo. Kwa hiyo kesho ninairudisha mashini katika chumba kilekile. Tafadhali zuieni habari za anwani ya Salamabila zisiende mbali zaidi, na stesheni zilizokwisha kuzipata zizisahau taratibu, bila haraka. Ile ya Nyangwe, ambayo mpaka leo ina anwani ya zamani, msiiguse kabisa. Ni hiyo peke yake inayojua mahali nitakapokuwa.