Upande Mmoja wa Peni ya Mfalme George

Kwa Bwana Thackray,
Mwenyekiti wa Chama cha Wakusanya Shaba Kongwe,
Hebblethorpe, Yorkshire.

Bwana Mwenyekiti,

YAH: MKE WANGU DOREEN KUFIKISHWA MBELE YA KAMATI

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Habari za roho usiniulize. Peni yangu ya mwaka 1797 unaijua, ile sarafu nzito ya shaba yenye ukingo mpana tunayoiita Gurudumu. Umewahi kuishika kwa ncha za vidole juu ya kitambaa, ukasahau kupumua. Kwa miaka mia mbili na ushee ilijitengenezea ule weusi ambao sisi tunajua ndiyo heshima ya shaba, na ambao watu wengine, akiwemo ninayelala naye, huuita uchafu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Asubuhi ya maonyesho yetu ya mwaka, nikiwa bafuni nanyoa ndevu, Doreen aliitoa peni kwenye kijisanduku chake akaipaka sosi ya kahawia, ile ile ya kutia kwenye mkate wa nyama ya nguruwe, yenye siki na ukwaju ndani. Kisha akaisugua kwa mswaki. Mswaki wenyewe ni wangu. Nilipotokea na povu shavuni nikipiga kelele, alikuwa amemaliza upande wa Britania, yule mama wa nchi yetu aliyechorwa ameketi na mkuki wake wa ncha tatu. Mama wa watu anang'aa kama sufuria mpya! Upande wa pili, wenye kichwa cha Mfalme George, namshukuru Mungu, ulikuwa haujaguswa.

2. Hakutubu. Namnukuu ili kamati ijue ninaishi na nini: "Clement, kila mwaka unarudi mikono mitupu kutoka huko, unakaa hapa jikoni umenuna. Nikasema nikusaidie, mwaka huu angalau waione peni yako." Eti alifanya kwa mapenzi! Bwana Mwenyekiti, mwizi angeichukua ikiwa nzima.

3. Nilimweleza kosa lake kwa upole, na nadhani majirani wa pande zote mbili waliusikia upole huo. Akanijibu: "Huyo mfalme wako amekufa zamani, mzee wangu, wala hana habari na wewe. Mimi niko hai. Mara ya mwisho kunitazama mimi kwa hicho kioo chako cha kukuzia ilikuwa lini?" Swali hilo halimo katika katiba ya chama, kwa hiyo sikulijibu. Akachukua mkoba wake, akapanda basi kwenda kwa dada yake mjini Whitby, na hadi leo hajarudi.

4. Ukumbini niliilaza peni mfalme akiwa juu, kama ambavyo muungwana yeyote angefanya. Bi. Pogson, mthamini wetu, akaigeuza. Nani alimtuma? Akatoa leso, akaifunika kama maiti, akatangaza watu wote wasikie: "Pole sana, Clement. Jana ilikuwa mali. Leo ni bei ya samaki na chipsi." Mtu mmoja nyuma akaongeza: "Tena bila njegere!" Walicheka hata wale wakusanya stempu waliokuja kula keki zetu bure.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu: Doreen aitwe mbele ya kamati, asimame, na asipewe chai. Sosi ya kahawia itangazwe kuwa silaha na iuzwe kwa leseni. Wachungaji wawaulize maharusi wa kike, kabla ya kiapo, kama wamewahi kusafisha shaba. Na jambo lenyewe lifikishwe Bungeni, kwa maana kichwa cha mfalme wa nchi hii kimenusurika kwa sababu tu mimi hunyoa haraka.

Mpaka aombe radhi kwa maandishi, asirudi. Nyumba imetulia vizuri. Nakula mkate mkavu na sijambo. Kila asubuhi natoa vikombe viwili vya chai kwa mazoea, kosa ambalo nalo naomba liandikwe kwa jina lake.

Nisalimie mkeo, paka wenu mwenye jicho moja, na wanachama wote. Bi. Pogson naye msalimie, ila kwa ubaridi.

Wako katika shaba,
Clement Ormerod

Baada ya salamu: Barua hii imelala mezani siku kadhaa kwa kukosa stempu, kwani Doreen ndiye ajuaye zinakokaa. Peni ilikuwa pembeni ya kile kikombe cha pili. Leo asubuhi jua liliingia jikoni likampiga Britania, na nikaona mawimbi miguuni pake, na kule mbali kabisa, meli. Vitabu vyote vinasema ipo meli. Kwenye peni yangu, chini ya weusi wote ule, nilikuwa naiamini tu, kama watu wanavyoamini malaika. Bwana Thackray, ina matanga!

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta, ila barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeiandika vizuri. Stempu nitanunua njiani. Naondoka na basi la saa nne kwenda Whitby, na mkobani nina peni, mswaki na chupa ya sosi, maana peni ya nusu nusu ni kichekesho na upande wa mfalme lazima aumalizie yeye. Kioo cha kukuzia nacho nimekibeba. Kuna swali lake sijalijibu.