Samaki wa Ushahidi

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Tangazo limebandikwa ukutani pa soko, mkabala kabisa na kibanda changu cha kunyolea. Kanuni mpya za uvuvi wa ziwani. Wananchi watoe maoni ukumbini Jumatano ya wiki ijayo. Wenye nyavu wasiingie ghubani miezi ya samaki kuzaa. Safi sana! Wamezidi wale. Kisha nikasoma mstari wa pili. Sisi wa ndoano, tunaovua kwa starehe, samaki watano tu kwa siku. Watano! Mimi, ninayekwenda ghubani kila Jumapili baada ya wiki nzima ya kushika vichwa vya watu na kusikiliza yaliyomo ndani yake!

(Kusema kweli sijawahi kupata zaidi ya wawili. Hilo si hoja. Hoja ni haki.)

Shemeji, kaka wa mke wangu na mwenyekiti wa wenye nyavu, alisimama pale akasoma, akacheka. Akasema wavuvi wa starehe ni kama mgeni anayeingia jikoni kuonja tu, kisha analalamikia chumvi. Mbele ya wateja wangu! Napanga.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Maoni ya wananchi yako wapi? Vichwani. Na vichwa viko wapi? Kwenye kiti changu! Nimetangaza: atakayesema ukumbini kuhusu ndoano, ananyolewa bure wiki hii. Mke wangu kauliza kama tutapika maoni. Nimemwambia siasa ni uwekezaji. Kaenda kuanua nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni hadi mlangoni kwa fundi viatu! Kila kichwa nakipa somo: nyavu zinamaliza samaki, ndoano haina madhara. Wote wanaafiki. Ukimwekea mtu wembe kooni, anakuwa mwelewa ajabu. Hata Shemeji alikuja. Kasema naye atazungumza kuhusu ndoano. Nilimchonga ndevu kwa mapenzi yote. Moyoni nikasema, huyu ameshalainika.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi viatu kaniuliza, kwa utulivu wa mtu asiyepata hasara, kwa nini nimewanyoa mabaharia wote wa Shemeji. Nimekaa chini. Kumbe aliwatuma yeye! Aliwaambia ukumbini lazima waonekane nadhifu. Na kweli, watazungumza kuhusu ndoano. Wataiponda!

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi ndiye kinyozi, na nimenyolewa kavukavu.

Jumapili, 9 Machi

Maneno basi. Sasa vitendo. Jitu la samaki, lililovuliwa kwa ndoano, litathibitisha kwamba ghubani samaki ni tele. Kikomo cha nini basi? Nimekwenda alfajiri, nikatulia juu ya jiwe langu. Maji kimya. Hakuna aliyenieleza habari za mkwe wake. Raha iliyoje!

Nimevua kandambili. Ya mguu wa kushoto.

Jumanne, 11 Machi

Samaki amepatikana. Sokoni, kwa mama muuza samaki, tena wakati wa mvua, watu wamejibanza. Urefu wake ni kama mguu wangu! Nimemlaza kwenye beseni la kufulia, na barafu juu. Mke wangu kashika kisu, macho yanang'aa. Nimemzuia. Samaki wa ushahidi haliwi! Kasema basi na mume wa ushahidi asimwombe chakula. Nimelala na mkate mkavu.

Jumatano, 12 Machi

Ukumbi umejaa. Mezani mbele: ofisa wa uvuvi, ambaye sote tunamwita Bwana Samaki, mtu mpole mwenye miwani mizito. Mabaharia wa Shemeji walipendeza kama maharusi. Mmoja baada ya mwingine waliuliza kwa nini wao wafungiwe ghuba na wa ndoano waachwe? Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema wavulana wamependeza, nani kawanyoa? Nikainamisha kichwa.

Zamu yangu. Nikafunua beseni. Ukumbi mzima, "Aaah!" Sijawahi kuwatoa watu sauti kama ile, hata kwa spiriti ya kidevuni.

Bwana Samaki kauliza nilimvua wapi. Ghubani! Kwa kutumia nini? Ndoano! Nikaonyesha kwa mkono jinsi nilivyomvuta. Nikaongeza kwamba wako wengi wa aina yake, wanakuja wenyewe. Akaomba ruhusa ya kumpasua. Nikasema pasua, baba!

Tumboni, mayai. Mafuko mawili yamejaa pomoni. Bwana Samaki akavua miwani, akayaangalia kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Kumbe mama wazazi wako ghubani, na ndoano inawatoa." Nikaitika kwa nguvu. Kwamba nimeitika nini, sikufikiri. Watu walikuwa wananipigia picha.

Shemeji alikuwa ananitazama tu. Wivu huo!

Ijumaa, 21 Machi

Uamuzi umebandikwa. Ghuba imefungwa miezi yote ya kuzaa. Kwa nyavu. Na kwa ndoano! Wenye nyavu wavue kilindini kama kawaida. Sababu: "ushahidi uliotolewa na mwananchi." Mwananchi ni mimi!

Jioni kaja Shemeji. Nilijua kaja kunisimanga. Akaketi, akakataa chai, akasema:

"Shemeji, yule samaki ni wangu. Nilimtoa kilindini, nikamuuzia yule mama wa sokoni. Alama ya wavu ilikuwa shingoni kwake, niliiona pale mezani."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema angemwaibishaje dada yake mbele ya watu? Kisha akanishauri twende wote Jumatatu kwa Bwana Samaki, tuseme ukweli. Mama wazazi wakionekana wako kilindini, pengine ndoano zitarudishwa ghubani. Kasema yuko tayari, hata kama nyavu zake zitaguswa. Anajua ninavyolipenda lile jiwe.

Mke wangu alinitazama. Macho yale, ya mtu anayesubiri kitu kidogo tu kutoka kwako.

Nilifikiri. Nilifikiri kweli. Lakini picha yangu na samaki imeshaning'inizwa kibandani, na wateja wananiita Jemadari wa Ndoano. Jana mtu katoka mbali kuja kunyolewa nami! Jemadari atasemaje kwamba alimnunua kwenye mvua?

Nimemwambia Shemeji nyavu zake huwa zinaacha alama hata kwa samaki wasiozigusa. Akainuka, akamuaga dada yake. Mimi hakuniaga. Mke wangu ameosha vyombo kwa kelele hadi sasa.

Jumapili, 23 Machi

Nyumbani hakusemwi neno. Ghubani pana kibao na mlinzi. Nimemchungulia kutoka kichakani: kijana wa watu, mwoga, anashtuliwa na vyura. Mtu kama huyo akiona nyayo za mamba ufukweni, atabaki? Thubutu! Kila mtu ataikimbia ile ghuba, nibaki mimi na jiwe langu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutegemea samaki. Samaki ana tumbo, na tumbo hupasuliwa. Nyayo hazina tumbo!

Nimeshapata ubao mzuri, nauchonga nyuma ya nyumba. Mke wangu kapita, kauliza kwa mara ya kwanza tangu juzi: mamba ana vidole vingapi?

Nimechonga sita. Nani atakayekaa kuhesabu?