Moshi Mbele ya Bibi Harusi

Jumapili, 3 Agosti

Nimedhalilishwa mbele ya watu. Kikao chetu cha wenye pikipiki, Mnazi Mmoja. Kila mmoja kaileta yake, kaifuta, anasimulia ya wiki. Nilikuwa katikati ya kisa changu cha abiria mwenye godoro. Benjamini akauliza kwa sauti kama pikipiki yangu inatumia petroli au mkaa. Watu wazima wakacheka.

Najua kinachomsumbua. Jumamosi ni harusi ya Euphrasia, mtoto wa dada wa marehemu mke wangu. Pikipiki zetu zitaongoza msafara. Ya mbele kabisa humbeba mpiga picha, kakaa kinyumenyume, kamera inamtazama bibi harusi. Leticia alimwahidi binti huyu tangu yuko shule ya msingi: mimi na mume wangu ndio tutakutangulia. Leticia hayupo. Ahadi ipo. Benjamini anaitaka nafasi hiyo kwa sababu tu pikipiki yake ina taa za bluu.

Mwenyekiti wetu, Mama Severa, muuza mitumba wa Mchikichini, kaamua. Ijumaa atashika leso nyeupe nyuma ya bomba la moshi. Ikibaki safi, natangulia mimi. Ikichafuka, Benjamini. Ni dharau. Nimekubali.

Jumatatu, 4 Agosti

Kwa fundi Seifu, Gerezani. Kasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe, nirudi wiki ijayo. Nikauliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema, kwa sauti ya kukataza, kwamba wahuni humwaga oili nzito kabla ya kuuza pikipiki mbovu. Moshi unajificha. Injini ikipata moto sawasawa, unarudi na ndugu zake wote.

Nimemwambia mimi si mhuni. Oili nzito nimeinunua duka la kona.

Alitaka pia kubadilisha kitambaa cha kiti. Kile kitenge kimepauka, kasema. Nimekataa. Leticia alikishona kwa mkono. Alikuwa anakaa upande, kikapu magotini, na akiona shimo ananigonga bega mara mbili. Mashimo nilikuwa nayaona. Sikuwahi kumwambia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemnong'oneza Benjamini, kwa masikitiko, kwamba familia ya bibi harusi haitaki kitu cheusi kwenye msafara. Pikipiki yake nyeusi tii. Nilitegemea ajitoe.

Jioni katuma picha kwenye kundi letu la simu. Kaizungushia satini nyeupe yote, na maua kwenye usukani. Mama Severa kaandika kwamba amelia. Benjamini kanishukuru mbele ya kundi zima kwa ushauri. Sijapata kumwona mtu mwenye roho mbaya kama hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Leso imebaki safi! Nilifika nikiisukuma, injini ya baridi, nikasema nabana mafuta. Benjamini akadai niikoleze mpaka mwisho. Mama Severa akamjibu kwamba kesho tunaoza binti, hatushindani mbio. Akamwambia, mwanangu, ukubali kushindwa ungali na maua yako.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulitoka kanisani Magomeni vizuri. Nyuma yangu Jeet, kijana mwenye studio ya picha, kakaa kwenye kitenge cha Leticia. Nyuma yetu gari la bibi harusi, kisha matarumbeta. Nililengwalengwa na machozi. Niliona ni furaha.

Jangwani tukakuta foleni. Injini ikapata moto.

Kwanza tarumbeta moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Nikagongwa bega, mara mbili. Nikapunguza mwendo, nikatafuta shimo barabarani. Hapakuwa na shimo. Alikuwa Jeet, anaomba hewa.

Benjamini akaja ubavuni na satini yake, akauliza kama tunaoza au tunapuliza dawa ya mbu.

Ukumbini Euphrasia alishuka na shela ya rangi ya jivu. Kaniamkia, shikamoo baba mdogo, kama kawaida. Niliitikia marahaba nikitazama viatu vyangu. Nikaondoka. Pilau nimeinusa tu.

Jumanne, 12 Agosti

Video imesambaa Kariakoo nzima. Wingu jeupe limejaa barabara, kimya, halafu taratibu gari la bibi harusi linachomoza, na Euphrasia dirishani anacheka. Watu wanauliza mashine hiyo ya moshi inakodishwa wapi.

Euphrasia kapiga simu. Kasema mama mdogo angekuwepo angecheka mpaka akae chini. Nilipokata simu nilikaa chini mimi.

Nikiwa bado chini nikasoma maneno ya Jeet kwenye video hiyo. Eti ni ubunifu wake. Wake! Nimesikia pia Benjamini kaenda kwa Seifu kuulizia namna ya kutoa moshi mwingi bila kuharibu satini. Watu hawana haya.

Lakini Candida, binti wa Mama Severa, anaolewa mwisho wa mwezi. Kasema kwa kinywa chake anamtaka yule mzee wa moshi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wameniua. Jana nilimwachia Seifu pikipiki azibe pancha tu. Leo naikuta imefunguliwa injini, ringi mpya, imefungwa. Euphrasia na mumewe wamelipa, zawadi kwa baba mdogo. Seifu kaiwasha huku anatabasamu kama daktari wa uzazi. Inanong'ona. Hata chafya haitoi.

Nimempigia Euphrasia kushukuru. Kasema nisilie, baba mdogo, nilistahili.

Mtu anaharibiwa jina mjini, na bado anatakiwa aseme asante.

Candida nimemthibitishia kwamba nakuja. Magharibi nimechanganya oili kwenye petroli uani, kidogo tu, kwa majaribio. Jirani zangu wote wameshafunga madirisha.