Uzinduzi wa Nyumba Zisizo na Pembe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika na kwa hiyo namkaimu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi Endelevu, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa makatibu, manaibu makatibu na makaimu wa manaibu makatibu. Viongozi wa dini, wazee wa busara, na wazee wengine. Wadau mlioko huku jukwaani kwenye kivuli. Na mwisho, ila kwa umuhimu uleule, nyinyi wakazi mlioketi pale juani juu ya magodoro yenu, nawasalimu! (Makofi kutoka kwenye kivuli.)

Ndugu zangu, leo tunazindua nyumba ya kuba, yaani nyumba ya mviringo mfano wa bakuli lililopinduliwa, rafiki wa mazingira, shirikishi, yenye kujengwa kwa udongo huuhuu ambao babu zetu waliukanyaga miaka nenda miaka rudi bila kuufanyia upembuzi yakinifu. Mtauliza, Mheshimiwa, wazo zito namna hii ulilipata wapi? Najibu kwa unyenyekevu ambao kila mtu hunisifia. Mimi, mke wangu, shemeji zangu wawili na mpiga picha wa shemeji zangu tulikwenda ziara ya mafunzo ughaibuni, tukaziangalia nyumba hizo kupitia dirisha la basi, kisha tukalala hotelini majuma matatu ili tupate cha kulinganisha. (Makofi.) Tuliporudi tukafanya utafiti, na asilimia mia moja na kumi na mbili ya waliohojiwa wakaafiki, yaani kamati nzima pamoja na madereva wetu.

Kuba haina pembe. Hebu litafakarini hilo kimkakati! Upepo ukija unateleza, joto likija linazunguka mpaka linachoka, na mama mkwe akinuna hana kona ya kununia. (Kicheko. Mama fundi cherehani anasimama: “Mheshimiwa, na kabati langu nitaliegemeza wapi?”) Swali zuri sana, mama yangu, linaonesha jinsi elimu kwa umma ilivyowafikia. Kabati la mviringo limo kwenye awamu ya pili. (“Na hiyo awamu ya kwanza iko wapi? Nina wajukuu watatu hapa, na lile wingu halijaja kutusalimia. Leo tunalala wapi?”) Mama, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kaa kwanza. (“Nikae wapi?”) Hapohapo kwenye godoro, mama. (Kicheko, kwenye kivuli tu.)

Nilikuwa nasema nini? Naam, nawapongeza kwa moyo wa kujituma. Mwezi uliopita, tulipowaeleza kwamba mkandarasi haleti mitambo mahali palipojaa vibanda, hamkungoja buldoza. Mlishika nyundo zenu wenyewe, mkang'oa mabati, mkashusha milango, mkasaidiana jirani na jirani hadi mtaa mzima ukawa mweupe kama kiganja. Wengine mkayauza na mabati yenyewe, kwa kuwa tuliwaambia kuba haitaki bati! Ni nchi ngapi zenye wananchi wa namna hii? Jioni ile nilimwambia mke wangu, tukiwa chini ya paa letu la vigae, ambalo lina pembe kwa sababu za kiusalama: mke wangu, hawa watu wananiliza. (Mzee mwashi, aliyebomoa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake: “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!”) Ahsante, mzee wangu. Suala la kunguni limeshapelekwa kwenye kamati ndogo ya afya.

Sasa semeni pamoja nami. Kuba, oyee! (Oyee, kutoka kwenye kivuli.) Pembe, ziii! (Mtoto mmoja tu, kutoka juani: “Oyee!”) Makazi bora kwa kila mtu, na kila mtu kwa wakati wake!

Naona matone yameanza, nami suti hii haijazoea maji, kwa hiyo nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mpwa wangu, aliyeichora ile picha ya kuba mliyoipigia makofi mwezi uliopita, kwani ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika. Namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta. Naushukuru mfuko wa ujenzi, ambao utaundwa mara tu utakapopata fedha. Lakini kuliko wote namshukuru huyu bwana wa miwani ya jua aliyekaa kulia kwangu, ambaye ndiye mwenye kiwanja hiki tangu juzi, na kesho asubuhi anaanza kumwaga lami ya maegesho ya magari. (Mama fundi cherehani: “Mungu wangu!”) Ameniomba niwashukuru kwa niaba yake, maana alikuwa ametenga fungu kubwa la kuwabomolea, na nyinyi mmemfanyia bure. Basi mkiondoka, kila mtu abebe godoro lake, tusimchafulie mwenzetu. Asanteni sana kwa kuniamini.